Nguo za pamba: mengi tunayoamini ndo yanayoziua

Nguo ya pamba mara nyingi haichakai kwa kuvaliwa, inachakaa kwenye beseni, tena sisi wenyewe tukidhani tunaitunza. Nianze na jiki maana hapo ndo nguo nyingi zinapoteketea.

Utasikia nguo nyeupe bila jiki haitakati. Sasa klorini iliyomo kwenye jiki haichagui, inakula uchafu na inakula uzi pia. Ukiloweka shuka usiku kucha asubuhi litang'aa kweli na hutaona shida yoyote, ila uzi umeshadhoofika, na ukiendelea hivyo iko siku unalivuta kidogo tu kutandika kitanda linachanika katikati unabaki kulaumu aliyekuuzia. Halafu lile doa la njano kwapani, watu wanalimiminia jiki kwa hasira, kumbe mara nyingi ni jasho lililochanganyika na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho, na klorini inaweza kuzidisha huo unjano badala ya kuuondoa. Tafuta unga wa kung'arisha wa oksijeni, loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa masaa kadhaa, na usipige pasi kabla doa halijatoka, joto linaligandisha.

Kuna hii nyingine ya chumvi na siki eti zinashika rangi isichuje. Jamani, chumvi inatumika kiwandani wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye uzi, na hata huko bado inahitajika magadi ndo rangi ishike. Ikishafika kwako mambo yameisha, kinachotoka kwenye beseni ni rangi ya ziada ambayo haikushika, kwa hiyo ifue peke yake mara za mwanzo basi. Jinsi ya bluu ndo usihangaike nayo kabisa, ile rangi imekaa juu juu ya uzi kwa hiyo kupauka lazima, we igeuze nje ndani na usiifue kila ukiivaa. Na siki usije ukaichanganya na jiki hata siku moja, inatoa gesi ya sumu.

Sabuni nyingi = usafi zaidi? Hapana. Povu likizidi halisuuziki likaisha, linabaki kwenye uzi, nguo inakauka ngumu na imefifia, halafu mtu anaongeza dawa ya kulainisha ambayo nayo inaacha utando juu ya uzi, ndo unapata taulo laini lisilokausha mwili. Punguza sabuni, suuza vizuri, yameisha.

Wengine wanaogopa pamba ikilowa inakuwa dhaifu. Kinyume chake, pamba iliyolowa ina nguvu kuliko kavu, kinachoimaliza ni msuguano, lile brashi unalosugulia kola hadi inaota vinywele. Sema ikiwa mbichi inavutika, fulana nzito ukiitundika kwenye henga inashuka mabega, bora uianike kwa kuikunja juu ya kamba, kivulini kama ni ya rangi.

Kuhusu maji ya moto, nguo za kila siku nyuzi joto 30 au 40 zinatosha, 60 waachie mashuka na taulo hasa kama kuna mgonjwa. Nguo inaporudi sio kwamba uzi wa pamba umekuwa mfupi, ni kwamba ulivutwa wakati wa kufuma, sasa maji na joto vinauachia urudi ulikotoka. Na yale manyoya unayotoa kwenye chujio la mashine ya kukaushia ni nguo yako hiyo inaisha.

La mwisho ni nondo. Viwavi wa nondo wa nguo wanatafuta sufu, manyoya na hariri, pamba safi haina chakula chao, kwa hiyo vile vidonge vya kunuka kwenye kabati la fulana havina kazi kubwa. Adui wa pamba kabatini ni ukungu. Kabla hujakunja shika mshono wa kiuno na ndani ya mifuko, ukisikia ubaridi bado haijakauka hiyo, irudishe kambani.