Ndimu si dawa ya kisukari: maswali kuhusu machungwa na bakteria wa utumbo

Flavonoidi za matunda jamii ya machungwa ni nini?
Ni kemikali za mimea. Chungwa lina hesperidini na balungi lina naringini, nazo zimejaa zaidi katika ule utando mweupe ambao wengi wetu huubandua na kuutupa.

Zinahusianaje na bakteria wa utumbo?
Hesperidini imefungamana na sukari, hivyo hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa vizuri hadi ifike utumbo mpana, ambako bakteria wenye vimeng'enya vinavyofaa huitenganisha na sukari hiyo, na ndipo sehemu iliyobaki huingia kwenye damu, saa kadhaa baada ya mlo. Kwa kuwa bakteria wa mtu mmoja si wa mwenzake, watu wawili waliokula machungwa ya kapu moja hawanufaiki sawasawa.

Je, zinashusha sukari?
Kwa panya wa maabara zimeonekana kuboresha matumizi ya sukari na mafuta mwilini. Kwa binadamu matokeo yanapishana.

Basi niache vidonge, ninywe maji ya ndimu kila asubuhi?
Hapana. Usiache vidonge vya kisukari kama metformini, na insulini usiiache hata kwa siku moja. Wagonjwa wanaoletwa kwetu hospitalini wakiwa hawajitambui, huku ndugu wakieleza kwa fahari kwamba mgonjwa "alishahamia kwenye tiba ya asili", wametuchosha.

Lakini sukari yangu ilishuka nilipoanza ndimu.
Huenda ulikuwa bado unameza vidonge, au wiki hiyohiyo uliacha soda na chai ya sukari. Ndimu isipewe sifa isiyo yake. Jibu ni lilelile: usiache dawa.

Nikianza kutapika na kuhema, nisubiri?
Usisubiri. Kutapika, kupumua kwa kasi, pumzi yenye harufu ya matunda na kuchanganyikiwa kwa mwenye kisukari ni dharura; nenda hospitali saa hiyohiyo, si kesho, wala si baada ya glasi nyingine ya ndimu.

Juisi je?
Kula chungwa zima. Ukichuja juisi, nyuzinyuzi ambazo ni chakula cha bakteria hubaki kwenye chujio, na glasi hubeba sukari ya machungwa kadhaa.

Na balungi?
Ukitumia simvastatini (dawa ya kolesteroli) au nifedipini (dawa ya shinikizo la damu), liache. Huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa hizo, zikazidi kwenye damu. Kupisha saa chache hakusaidii, kwani athari hiyo huweza kudumu zaidi ya siku moja.