Hatua ya sifuri, au kwa nini Neagu hatembei na mpira

Jumapili nimekaa na chai yangu, ujumbe ukaingia. Kipande cha video, sekunde tisa. Mpira wa mikono wa wanawake: jezi ya CSM București, klabu ya Bucharest, Romania, mgongoni namba 8, Cristina Neagu. Chini yake mtumaji, jamaa ninayemheshimu sana, kaandika: "Ref, hesabu mwenyewe. Hatua nne! Hawa Wazungu wanabebana."

Nimehesabu, kaka. Ni tatu, na tatu ndizo zinazoruhusiwa ukiwa umeshika mpira. Nilihesabu pia mwaka jana shemeji yangu aliponiletea kipande kama hicho, na mwaka juzi mbele ya darasa zima la waamuzi wanafunzi. Leo naandika hapa ili safari nyingine niwe natuma kiungo tu, nirudi kwenye chai.

Ugonjwa huu nadhani tumeutoa kwenye netiboli. Macho ya wengi wetu yalifunzwa shuleni, pembeni ya uwanja wa netiboli: ukidaka, mguu uliotulia ukiunyanyua usiurudishe chini kabla mpira haujatoka mkononi. Kwa macho hayo, mpira wa mikono wote ni uhalifu. Watu wa kikapu wangenielewa upesi, maana FIBA wenyewe, shirikisho lao la dunia, waliingiza hatua ya sifuri, ile ya kwanza isiyohesabiwa, mwaka 2017. Nao hawanielewi.

Sasa tazama miguu, achana na mkono. Cristina Neagu alikuwa akirusha kwa mkono wa kulia, akicheza nyuma kushoto, kwa hiyo mguu wa kurukia ni wa kushoto. Anaanza kukimbia kabla ya pasi. Mpira unamkuta hewani, hakuna mguu unaogusa sakafu. Anatua kulia. Hiyo si hatua. Narudia: si hatua, ni kutua. Kushoto, moja. Kulia, mbili. Kushoto, tatu, na hapo hapo yuko juu, mita tisa kutoka golini, kiwiko kimeshapita sikio. Sakafu imeguswa mara nne, hatua ni tatu. Aliyekaa kwenye kochi anahesabu vishindo.

Na hata mpira ungemkuta ule mguu wa kulia umeshakanyaga, jibu ni lile lile: mguu uliopo chini wakati wa kudaka hauhesabiwi, hesabu inaanza na unaofuata. Nikifika hapa watu hukasirika zaidi. Kinachomponza mchezaji ni kimoja tu: mpira kushikwa wakati mguu wa kushoto wa nyuma, ule wa kabla ya kutua, bado haujaachia sakafu. Hapo kulia inageuka moja, na kushoto ya kurukia inakuwa ya nne. Filimbi. Tofauti ya halali na haramu ni kupepesa jicho, na mtu ananiletea video aliyoirekodi kwa simu kutoka kwenye runinga.

Mengine haraka. Hatua tatu, dunda, hatua tatu nyingine. Kushika mpira, sekunde tatu. Kutua ndani ya mstari wa mita 6, eneo la kipa, baada ya kuachia mpira, ruhusa. Tuendelee.

Ambacho sisikii kikisemwa ni gundi. Wale wanapaka gundi vidoleni. Mpira wa wanawake una mzunguko wa sentimita 54 hadi 56, ukigusa kiganja chenye gundi unatulia papo hapo, hata kwa mkono mmoja, hata mwili ukiwa kwenye mwendo. Sisi tuko kwenye saruji yenye vumbi, mpira umelika ngozi. Binti anadaka kwa mikono miwili na kifua, anapiga breki. Ameshasimama, sifuri yake imepotea bure. Halafu kocha analalamika kwamba hana nguvu za kurusha. Nguvu anazo. Kasi ndiyo aliyoiacha pale alipodakia.

Sasa nikiri. Uwanjani siwezi kuona kiganja na mguu kwa wakati mmoja. Kitabu cha kanuni kimeandikwa kana kwamba mwamuzi ana jicho moja juu na jingine chini. Mimi hutumia sikio: ta, ta-ta-ta. Mdundo wa viatu ukivunjika, napuliza. Hakuna kanuni inayosema "sikiliza", na najua nimewahi kumnyang'anya binti bao halali kwa sababu viatu vyake vililia vibaya kwenye sakafu yenye mchanga. Mpira ukichezacheza vidoleni ndiyo balaa kabisa. Kubabaika nao si kosa, lakini umeshikwa lini hasa? Naamua, nakaza uso, nanyoosha mkono.

Jamaa aliongeza kwamba Neagu "alibebwa hivyo hivyo" fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2016, ile CSM walioshinda. Mwaka 2016 Neagu hakuwepo CSM! Alikuwa Budućnost ya Podgorica, Montenegro, na ndiko alikochukulia Ligi ya Mabingwa, 2015. Bucharest alijiunga nao 2017. Ule ubingwa wa 2016, uliopatikana Budapest kwa penalti mbele ya Győr ya Hungary, nyota wake ni Isabelle Gulldén wa Uswidi, na kocha ni Kim Rasmussen wa Denmark. Neagu ana tuzo nne za mchezaji bora wa dunia, 2010, 2015, 2016 na 2018. Msimwongezee ya watu. Na CSM ni klabu ya manispaa, sawa, inakula bajeti ya jiji, ila msidhani ni makarani wa halmashauri wanaocheza baada ya kazi. Hilo nalo nimeulizwa.

Nimemjibu jamaa: simamisha video pale mpira unapogusa kiganja, uniambie mguu gani uko chini. Dakika ishirini kimya. Kisha kaandika: "Hakuna."

Halafu chini yake: "Lakini pivoti wao, yule anayesimama katikati ya mabeki, kamshika beki jezi, umeona?"

Sijaona. Nafungua tena.