Damu ya Mjomba Haiwi Salama kwa Kuwa ni ya Mjomba

Mama anafikishwa hospitali ya wilaya huku juu Newala akivuja damu baada ya kujifungua. Nyuma yake wajomba na kaka wameshakunja mikono ya mashati: "Mtoeni huyu, grupu yao moja, mumwekee sasa hivi. Damu ya mtu tusiyemjua hatuitaki." Hapo kwenye "tusiyemjua" ndipo ninapochoka.

Grupu moja si krosmachi, yaani kipimo cha kuona kama damu ya mtoaji huyu inapatana na ya mgonjwa huyu. Kujua kuwa wote ni O chanya ni kujua antijeni (alama za seli) chache tu kati ya nyingi zilizo juu ya seli nyekundu. Mama aliyezaa mara nne, au mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara kwa mara, anaweza kuwa na kingamwili, askari wa mwili, dhidi ya nyingine yoyote. Ndiyo maana maabara huchanganya seramu ya mgonjwa na seli za mtoaji, huziweka kwenye nyuzi 37, huziosha, huongeza dawa ya Coombs, inayofichua kingamwili zilizozing'ang'ania, na kutazama kama zinashikana; zikishikana, damu hiyo haimfai. Ikifanywa kikamilifu, inakaribia saa nzima.

Mume ndiye wa mwisho ninayemtaka kwa mkewe ambaye bado anazaa. Mwili wa mke unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya seli za mume. Mtoto ajaye akirithi antijeni za baba, kingamwili hizo hupita kondo la nyuma na kumharibia damu tumboni. Kwa mzazi na mwanawe, au ndugu wa tumbo moja, ipo hatari nyingine, adimu lakini ikitokea huua karibu kila mara: seli nyeupe za mtoaji zinafanana mno na za mgonjwa, mwili hauzifukuzi, nazo zinaugeukia.

Na dodoso, yale maswali anayoulizwa mtoaji kabla ya kutoa? Mjomba aliyezungukwa na ukoo mzima hawezi kujibu kweli swali la wapenzi wake. Virusi vilivyoingia juzi havionekani kwenye kipimo cha haraka.

Damu ninayoiamini ilitolewa wiki mbili nyuma na mtu asiyesukumwa na yeyote: miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, HB (kipimo cha wingi wa damu) 12.5 kwenda juu. Mililita 450 zinaingia kwenye mfuko wenye 63 za dawa ya kuzuia kuganda, na mfuko unatikiswa polepole tangu tone la kwanza. Mshipa ukisuasua kupita dakika 15, mabonge huanza. Sampuli inashuka kituo cha damu salama cha kanda, Mtwara, kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Jokofu nyuzi 2 hadi 6, siku 35. Ikitoka humo, ianze kuingia ndani ya dakika 30 na iishe ndani ya saa 4.

Nakiri, jokofu likiwa tupu na mama anakwisha, tunamtoa ndugu damu, tunapima kwa vipimo vya haraka, tunaweka. Anayesaini iwekwe anajua hatari aliyoiacha wazi.

Desemba ndiyo mbaya zaidi. Wanafunzi, wachangiaji wetu wakubwa, wamefunga shule. Mvua zimeanza, malaria inaleta watoto wenye HB 4. Kwa hiyo mjomba, Novemba ukija kufuatilia malipo ya korosho, pita maabara. Grupu yoyote.