Mawimbi ya ubongo: maswali ya barazani Ngamiani

Hapa Tanga vijana wanarushiana kwenye simu sauti zinazodaiwa kubadilisha mawimbi ya ubongo. Haya ndiyo maswali yaliyonifikia, na majibu yangu kama muuguzi.

Dada nesi, ubongo una mawimbi kweli?

Unayo. Seli za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo mno, na nyingi zikifanya kazi kwa pamoja, umeme huo hunaswa juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliunasa kwa binadamu mwaka 1924. Kipimo chake huitwa EEG. Hakiumi, wala hakiingizi umeme mwilini. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaokikimbia.

Na hizo alfa na delta?

Ni majina ya kasi. Delta, chini ya mara 4 kwa sekunde, hutawala usingizi mzito. Theta, 4 hadi 8, huonekana mtu akisinzia. Alfa, 8 hadi 13, huja ukifumba macho umetulia. Beta, hadi 30, ni ya kichwa kilicho kazini. Huchanganyika, hayapokezani zamu. Tena wimbi ni dalili: moshi hukuonyesha kwamba jikoni panapikwa, lakini kuupepea hakuivishi wali.

Basi sauti za simu ni uongo?

Sauti hizo hufanya hivi: sikio moja likipewa mlio wa mitetemo 200 kwa sekunde na jingine 210, ubongo husikia mpigo wa 10. Hilo ni kweli. Kwamba mpigo huo unatibu wasiwasi au kuongeza akili, tafiti zinapingana. Ukipenda sikiliza, kwa sauti ya chini, ila usitoe hela yako, na usisikilize ukiwa juu ya bodaboda.

Mbona kwenye dhikri moyo hutulia?

Pumzi ina sehemu yake kubwa. Ukipumua taratibu, kama mara 6 kwa dakika, mapigo ya moyo hupungua na mwili hulegea. Jaribu: vuta kwa sekunde 4, toa kwa 6, dakika chache kabla ya kulala. Kuhema haraka haraka hufanya kinyume: hewa ya kaboni hushuka kwenye damu, kichwa kinazunguka, vidole vinakufa ganzi. Mambo ya imani nawaachia wenyewe.

Shikamoo. Mwanangu ana kifafa. Wananishauri nimuachishe dawa, apigiwe ngoma ya pepo.

Marahaba mama. Tafadhali, dawa usimkatishe. Kifafa ni umeme wa ubongo kulipuka bila mpangilio, na dawa ndiyo inayouzuia. Ikikatwa ghafla, degedege laweza kuja mfululizo na kumuua. Mkesha wa ngoma nao ni hatari kwake: kukosa usingizi na kuhema kwa kasi ni vichochezi vinavyojulikana, na kwa wachache hata taa za kumwekamweka.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Zikipita dakika 5, au akirudia kabla hajazinduka, mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Bombo. Na dawa zikikaribia kwisha, njoo uchukue nyingine kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa.