Je, kulipia saraka ya mtandaoni kunaipandisha biashara yako kwenye Google?

Ukishaitengenezea tovuti kampuni yako ndogo ya utalii, duka la vipuri au ofisi ya uhasibu, haupiti muda mrefu kabla ya kupata barua pepe ya namna hii: lipia ada ya mwaka, tukuweke kwenye saraka yetu ya biashara, utatokea ukurasa wa kwanza wa Google. Saraka ni tovuti inayoorodhesha biashara au tovuti nyingine. Ukweli ni kwamba malipo hayo, kwa yenyewe, hayakupandishi. Ila dai hilo halikuzuka hewani. Zamani lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana mpaka leo linapata wanunuzi.

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, waliijenga juu ya wazo kwamba kiungo (linki) kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika iwe na uzito zaidi. Saraka kubwa za enzi hizo ziliheshimika kweli. Ile ya Yahoo, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa na wahariri waliokagua tovuti kwa macho yao. Biashara ikafikia kutozwa dola 299 kwa mwaka ili ikaguliwe tu, bila ahadi ya kukubaliwa. DMOZ, saraka nyingine kubwa, iliendeshwa na watu wa kujitolea, bure. Google yenyewe iliwahi kuwashauri wenye tovuti wajiorodheshe katika saraka hizo mbili.

Pakionekana faida, walanguzi hawakawii. Zikachipuka saraka zisizo na msomaji hata mmoja, kazi yao ni kuuza viungo. Google ikaufuta ule ushauri mwaka 2008, na Aprili 2012 ikatoa badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo, lililoitwa Penguin, ambalo liliziporomosha tovuti zilizojazwa viungo vya hila. Walioumia hawakuwa matapeli peke yao. Wapo wenye biashara ndogo waliokuwa wamemwachia kazi wakala bila kujua anafanya nini. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017.

Kanuni za sasa za Google zinambana muuzaji wa viungo pande zote mbili. Kiungo kilicholipiwa kinatakiwa kiwekewe alama kwenye msimbo wa ukurasa, ama “nofollow” iliyoanza 2005 au “sponsored” ya 2019, na kwa kawaida kiungo chenye alama hiyo hakihesabiwi kuwa kura. Saraka ikikwepa kuweka alama, inaingia kwenye kundi ambalo Google inaliita taka, na viungo vyake hupuuzwa. Kwa hiyo, muuzaji awe mwaminifu au mjanja, ile kura aliyokuuzia haipo.

Kwa biashara inayotegemea wateja wa mtaani, ramani ya Google ndiyo yenye uzito. Google inasema matokeo ya eneo hupangwa kwa vigezo vitatu: biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali, na inavyojulikana. Inasema pia kwamba nafasi hiyo hainunuliwi. Wasifu wa biashara wa Google ni bure, nao ndio wa kuanza kushughulikia: jina, namba ya simu, saa za kazi, picha, maoni ya wateja. Saraka husaidia kidogo hapa, maana taarifa zikifanana kila mahali zinaaminika zaidi, lakini hilo hata saraka ya bure inalifanya. Kwetu tatizo mara nyingi ni usahihi. Namba ilibadilishwa, ofisi ilihama Kariakoo kwenda Sinza, na saraka tano bado zinampeleka mteja kwenye anwani ya zamani.

Ipo hali moja ambayo mimi ningelipa: pale saraka inapokuwa na wasomaji wake. Mtalii wa Ujerumani anayetafuta hoteli Zanzibar huenda akaanzia Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kabla ya kuifikia tovuti ya hoteli yenyewe. Anayetaka kampuni ya safari Arusha anaweza kuangalia kwanza kama imo kwenye orodha ya wanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii Tanzania. Hapo unanunua macho ya watu na imani yao, jambo lisilohusiana na nafasi yako Google.

Kabla ya kutoa hela, andika Google maneno ambayo mteja wako angeyaandika, uone kama saraka hiyo inatokea. Isipotokea, sijui nani mwingine ataiona. Ukishalipia, usiipime kwa kuweka humo namba ya simu tofauti na ile unayoitumia kwingine, maana utakuwa umezalisha ule mkanganyiko wa taarifa. Muulize kila mteja mpya alikuonea wapi, jibu liandikwe kwenye daftari la mauzo, na ada ya mwaka wa pili ikiitishwa ulifungue daftari kabla ya pochi.