Bima ya fahirisi: fidia inayofuata malisho, si mizoga

Bima ya kawaida humtaka mwenye mali athibitishe hasara. Kwa mfugaji wa Marsabit hilo ni gumu. Ng'ombe wake huenda wako fora, yaani kambi ya malisho ya mbali, mwendo wa siku kadhaa kutoka nyumbani, na wakifa huko hakuna wakala atakayesafiri kwenda kuhesabu mizoga. Ndiyo maana kwa miaka mingi kampuni za bima hazikukanyaga kaskazini mwa Kenya.

Bima ya fahirisi haihesabu mifugo kabisa. Inapima malisho. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi ule wa infraredi, na setilaiti huiona tofauti hiyo ikiwa angani. Hapo hupatikana namba inayoonyesha ukijani wa eneo zima, nayo hulinganishwa na ya misimu iliyopita mahali hapo hapo. Ikishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, awe amepoteza ngamia au hajapoteza hata mbuzi. Kwa hiyo anayehangaika kuokoa mifugo yake hapunguziwi fidia kwa sababu ya juhudi zake.

Kenya ilianza kuijaribu Marsabit mwaka 2010, kupitia taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kazi ikiongozwa na mchumi Mkenya Andrew Mude. Mwaka 2013 ikaja Wajir kwa mfumo wa takaful, yaani bima ya Kiislamu, kwa ajili ya Waislamu wasiotaka bima yenye riba. Mwaka 2015 serikali nayo ikaanzisha mpango wake Turkana na Wajir, ikizilipia kaya maskini mchango, yaani ada ya bima, wa uniti 5 za mifugo. Ng'ombe mmoja ni uniti 1, na mbuzi au kondoo 10 pia ni uniti 1. Uniti 5 si mali ya kutegemewa na familia kubwa, lakini zinatosha kubakiza mbegu ya kundi.

Kubwa zaidi ni wakati wa malipo. Mwanzoni fidia ilikusudiwa kuziba pengo la mifugo iliyokwisha kufa. Baadaye mkataba ukabadilishwa: mvua zikishindwa kuotesha malisho, pesa hutoka mapema, mifugo ikiwa bado imesimama. Mfugaji akinunua nyasi kavu, maji na dawa wakati huo, anaweza kumvusha ng'ombe mzazi hadi mvua nyingine. Pesa zikikawia hadi ng'ombe huyo afe, atalazimika kununua mtamba baada ya ukame, wakati kila mtu anatafuta mifugo na bei imepanda, kisha angoje akue, apandwe, abebe mimba miezi 9, ndipo aonje maziwa. Kwa maoni yangu, badiliko hilo lina uzito kuliko setilaiti yenyewe.

Kasoro ipo, na anayeuza bima hii anapaswa kuieleza kabla ya kupokea pesa. Namba ni ya eneo zima. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja, wa pili ukabaki vumbi, na wastani ukasema mambo ni shwari. Miti ya mathenge nayo hubaki kijani hata ardhi iliyo chini yake ikiwa haina unyasi, na setilaiti haijui ng'ombe anakula nini. Ugonjwa na wizi wa mifugo haumo kabisa. Mtu aliyelipa mchango, akapoteza kundi, kisha akaambiwa malisho yalikuwa mazuri, ataona ametapeliwa hata kama mkataba umefuatwa neno kwa neno.

Pia haimfai aliyekwisha kufilisika. Asiye na mnyama wa kulinda anahitaji kwanza posho ya pesa taslimu, kama ile ya HSNP, mpango wa kuzisaidia kaya maskini katika kaunti za kaskazini, au kupewa mbuzi wa kuanzia upya. Na hata mwenye mifugo hanunui siku yoyote anayotaka: bima imezoeleka kuuzwa Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba, kabla ya mvua za masika na za vuli. Msimu ukishaanza kuonyesha dalili zake, mauzo huwa yamefungwa.