Mbung'o wa Unguja na hofu ya mionzi

Dhana: Kitu kikishapigwa mionzi, nacho huanza kutoa mionzi.

Ukweli: Miale ya gama, ambayo ni aina ya mionzi, hupenya kwenye kitu, ikafanya kazi yake, ikaishia hapo. Glovu nyingi za upasuaji na mabomba ya sindano huuliwa vijidudu kwa miale ya kobalti-60, metali inayotoa miale hiyo, vikiwa vimeshafungwa kwenye pakiti, na muuguzi anapofungua hakuna mionzi iliyobaki ndani.

Mfano mzuri kuliko yote uko hapa hapa kwetu. Mbung'o wa Unguja waliwaambukiza ng'ombe nagana: mnyama hukonda, maziwa hukauka, mwisho hufa. Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa dawa ya kupaka ng'ombe na vitambaa vilivyotiwa sumu. Kisha wakazalishwa wengine kwa wingi Tanga. Madume yakapigwa miale ya gama, kiasi cha kuyafanya tasa tu, na kuanzia 1994 yakasafirishwa kwa ndege na kumwagwa juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likikutana na dume tasa, ndiyo basi tena. Na kwa kuwa huzaa buu mmoja mmoja, si mamia ya mayai kama nzi wa kawaida, idadi huporomoka. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Madume yale hayakuacha mionzi shambani wala kwenye maziwa.

Dhana: Basi mionzi ya viwandani haina madhara.

Ukweli: Ina madhara makubwa, na hatari iko kwenye chanzo chenyewe. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, vipande vya mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa viliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 (cesium), chanzo kikali cha mionzi, uliong'aa buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana, wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Hao hawakupigwa miale ikapita. Walibeba chanzo mikononi na kwenye nguo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa vyuma chakavu, mkikuta chombo kizito chenye alama ya mapezi matatu kwenye rangi ya njano, msikipasue. Ondokeni hapo, zuieni watoto, na toeni taarifa polisi au Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.